Maziwa Juu ya Benchi la Stesheni

Kwanza yalikuwa maziwa. Si damu, si paka mweusi mwenye macho ya moto, kama wanavyopenda kusimulia watu ambao hawajapata kuona kitu. Maziwa tu, kiasi cha kujaza vikombe viwili vya kahawa, yamemwagika juu ya benchi la buluu la stesheni ya Hayl Sumr, saa sita na nusu mchana, siku ambayo gari la moshi halikuja.

Mzee Awadh, msimamizi wa stesheni, aliyagusa kwa ncha ya kidole. Yalikuwa vuguvugu. Akatazama huku na huku: reli, mlima, reli tena. Mbuzi hakuwapo. Akachukua kitambaa akafuta, akamwambia binti yake Nunu aliyekuwa ukumbini anapanga vikombe vya chai, "Mwangalie mwanao, anamwaga maziwa ovyo."

Nunu akacheka. "Baba, Hadeel ana miezi kumi. Maziwa yake nnayo mimi hapa kifuani, atayamwaga vipi?"

Mzee Awadh alirudi akalifuta tena benchi lililokwisha kukauka, maana alikuwa na jambo ambalo hajamwambia mtu.

Stesheni yenyewe si ya kutisha, msije mkafikiri. Ni kijumba cha chokaa nyeupe: chumba cha tiketi, ukumbi wa chai, na nyuma vyumba viwili vya msimamizi. Iko bondeni, nyuma ya milima ya Qantab, ambako zamani ilipita reli ndogo ya kuchukulia mawe mpaka bandarini. Reli ikafa, ikalala mchangani miaka na miaka, mpaka kampuni moja ya Maskati ilipoifufua, ikanunua injini kuukuu ya mvuke, ikaipaka rangi ya kijani. Sasa kila msimu wa baridi, Alkhamisi, Ijumaa na Jumamosi, watu wanatoka mjini kuja kupuliziwa moshi. Mtu ana gari lake lenye kipoza hewa, anatafuta moshi! Haya, kila mtu na raha yake.

Mzee Awadh alizaliwa Unguja, akaletwa Omani mdogo, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu. Mkewe alipofariki, nyumba ya Al Ghubra ikawa kubwa mno kwake, ndipo akaomba kazi ya stesheni. Nunu akamfuata na mtoto, kwa sababu mumewe, Humam, yuko masomoni Malaysia, na mwanamke hawezi kukaa akizungumza na simu tu.

Sasa sikilizeni. Injini ya mvuke hainywi maji mapya mpaka iteme ya zamani. Kila ikifika Hayl Sumr, dereva wake, Azzam, hufungua bomba la chini ya tumbo, na maji yanayochemka humwagika kwenye mtaro wa mawe kando ya reli, chini ya mkunazi. Na nani kati yetu asiyejua kwamba maji ya moto hayamwagwi chini kimya kimya? Hata maji ya wali, ukiyamwaga uani unasema Bismillahi, unawaomba wenyeji wapishe. Ardhini wamo wenye watoto kama sisi.

Miaka mitatu Mzee Awadh alifanya hivyo kazini, akaifanya kuwa sheria ya stesheni. Alikuwa akisimama ukingoni mwa jukwaa na bendera yake ya kijani, akipaza sauti mara tatu: "Bismillahi! Wenyeji tupisheni, maji ya moto! Wenye watoto, wabebeni!" Kisha anangoja, kiasi cha mtu kuinama na kubeba mtoto, ndipo anashusha bendera na Azzam anafungua bomba. Kwa nini kwa Kiswahili, katikati ya milima ya Omani? Ndivyo alivyofunzwa na bibi yake, na hakuona sababu ya kubadilisha.

Basi mgeni mmoja akampiga picha ya video, ikazunguka kwenye simu za watu, watu wakacheka mpaka wakakaukiwa. Siku chache baadaye akaja kijana wa ofisini, jina lake Loai, akakaa naye, akanywa chai yake. "Ammi Awadh," alisema, "Alkhamisi tuna wageni wakubwa. Zile kelele zako, wallahi hazina neno, lakini kwa siku hii moja tu, tafadhali." Loai hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa adabu, na adabu ndiyo iliyomshinda mzee. Angetukanwa angebisha.

Alkhamisi ile jukwaa lilijaa kanzu nyeupe na harufu ya udi. Injini ikaingia, Azzam akaweka mkono kwenye bomba, akangoja. Mzee Awadh akafumbua kinywa. Akaona simu tatu zimenyanyuliwa zinamwelekea, na nyuma ya simu hizo mwanamke anajizuia kucheka. Akafumba kinywa. Akayasema maneno moyoni. Moyoni! Kama kwamba aliyelala kando ya reli anaweza kusikia ya moyoni mwa mtu. Akashusha bendera.

Maji yakapiga chini, mvuke ukapanda, na ndani ya mlio wa mvuke kikatoka kilio kimoja, chembamba, kifupi, kama cha mtoto aliyeamshwa ghafla usingizini. Wageni walidhani ni filimbi. Wakapiga makofi. Azzam akamtazama mzee kutoka dirishani mwa injini, na mzee akatazama pembeni.

Siku kumi baada ya hapo ndipo yalipokuja maziwa.

Wiki iliyofuata Hadeel akakataa ziwa. Nunu akimweka kifuani, mtoto anageuza uso na kufumba mdomo, kama mtu aliyetoka kula harusini. Uji hataki. Ndizi ya kupondwa hataki. Ajabu ni kwamba hapungui: mashavu yamejaa, analala vizuri, anacheka peke yake akitazama dari. Aliyekuwa anateseka ni Nunu. Maziwa yalimjaa mpaka yakawa mawe, akawa anayakamua bafuni huku analia kimya baba yake asisikie. Baba yake alikuwa anasikia.

"Baba," alinong'ona jioni moja, "mnuse mdomo."

Mzee akainama. Mdomo wa mtoto ulinuka maziwa, na chini ya maziwa kitu kingine, harufu ya jiwe la jua kali likimwagiwa maji.

"Si yako haya?"

"Hajanyonya kwangu siku nne, Baba. Siku nne! Nani anamlisha mwanangu?"

Mzee akasema labda ni meno. Ee, meno! Mtu mzima akitaka kujificha hana pa kwenda, hujificha hata nyuma ya meno ya mtoto mchanga.

Jumanne, gari halipo na wageni hawapo, adhuhuri imeshaswaliwa, Mzee Awadh alikuwa chumba cha tiketi anapangusa taa aliposikia mwanamke anaimba mdomo umefumba. Wimbo hauna maneno, ule wa kubembelezea, wa mtu anayempigapiga mtoto mgongoni huku akili yake iko mbali. Akadhani ni Nunu. Akapita mlangoni kwa Nunu na kumwona amelala, mkono wake umenyooshwa juu ya godoro mahali alipokuwa mtoto, na mahali pale hapana mtoto, na wimbo unaendelea, unatoka nje, akaufuata bila viatu mpaka jukwaani, jua limesimama utosini, kivuli hakuna hata cha nguzo, na hapo penye benchi la buluu akamwona Hadeel, hakukaa juu ya benchi wala hakulala juu yake, bali yuko juu ya mbao kwa kiasi cha shubiri, amelazwa hewani kama anavyolazwa mtoto aliyepakatwa, kichwa kimeegemea pasipo na mkono, vidole vimeshika kitu kisichoonekana, na mdomo wake unavuta, unameza, unavuta, unameza, na pembeni mwa mdomo tone jeupe likatoka likaangukia ubaoni, kisha jingine, na ghafla wimbo ukakatika, na Mzee Awadh akajua kwamba anatazamwa.

Alitaka kusema audhubillahi, ulimi ukakataa. Akamkamata mjukuu wake kwa mikono miwili akamvuta. Upande wa pili kulikuwa na uzito. Uzito ule haukuvutana naye. Uliachia polepole, kwa uangalifu, mtoto asiumie. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Maalim Yaqoob aliletwa kutoka Al Ghubra siku ya pili yake. Alikuwa mzee wa umri wa Awadh, aliyeuza dawa za hospitali miaka thelathini kabla ya kushika zile za kisomo, na hakuwa mtu wa vishindo. Aliwasha ubani, akamkalisha Nunu mkekani na mtoto mapajani, akamuuliza Mzee Awadh kwa sauti ya chini, "Mmemuudhi nani hapa?"

"Hatujamuudhi mtu."

"Sikukuuliza mtu, Awadh."

Mzee akatazama miguu yake. Maalim akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu, ubani ukajaa chumba, na alipofika Ayatul Kursiyyu mara ya saba kichwa cha Nunu kikainama kama mtu aliyesinzia. Sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake. Wala haikuwa ya kunguruma. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka.

"Jina lako?" akauliza Maalim.

"Nilikuwa mama wa mtu. Muulizeni huyo mzee."

"Mzee amekufanya nini?"

Sauti ikamgeukia Mzee Awadh. "Miaka mitatu nnakusikia. Kila ukiita namnyanyua mwanangu nasogea. Mpaka akajua mwenyewe, akisikia sauti yako ananinyooshea mikono abebwe. Siku ile gari liliingia, naye amelala chini ya mkunazi, usingizi mzuri. Nikasema, bado, nimwache alale, mzee hajaita. Nikakungoja uite."

Mzee Awadh akakaa chini sakafuni.

"Niliona haya," akasema.

"Haya ya nani?"

"Ya watu. Walikuwa wananicheka."

"Na mimi? Mimi hukunionea haya?"

Hapo mzee alilia, na hakulia kwa siri. Alilia kwa kwikwi kama alivyolia siku anamzika mkewe, akaomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, akasema damu yake ichukuliwe badala ya mtoto yule. Maalim mwenyewe alikuwa amefunika macho kwa kilemba.

"Radhi nimeshakupa," sauti ikasema. "Watu husahau. Maziwa ndiyo hayajui. Yanakuja kila adhuhuri, saa zake za kunyonya, yananiuma, sina wa kumpa. Nikamsikia huyu analia, mamake kalala. Basi nikampa."

"Mtoto huyu ana mamake," akasema Maalim.

"Najua."

"Basi toka, mama. Nakuamrisha kwa jina la aliyekuumba na aliyetuumba sisi. Toka, na usirudi ila mama wa mtoto akuite mwenyewe kwa kinywa chake."

Hakupigana, hakuvunja kitu. Alimtazama Hadeel kwa macho ya Nunu, muda mrefu, akamrekebisha kola ya gauni, kisha Nunu akashusha pumzi na kuinua kichwa akauliza kwa nini baba yake analia. Harufu ya maziwa ilikuwa imekwisha. Maalim akafunga kitabu, akasema alhamdulillahi, lakini aliisema kama mtu aliyefukuza mjane nyumbani kwake.

Mzee Awadh alimweleza binti yake yote, tokea mwanzo. Nunu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu kwa neno hata moja, akainuka akaenda kumwandalia mwanawe ziwa.

Hadeel hakulitaka.

Siku ya kwanza walisema atazoea. Siku ya pili mtoto alilia tokea alfajiri mpaka sauti ikamkauka. Akawa anafumbua mdomo tu, na adhuhuri ikifika anageuza uso upande wa dirisha la relini. Siku ya tatu wakamkimbiza hospitali mjini. Daktari, mama mmoja jina lake Bashayer, alimpima kila kitu na hakuona ugonjwa. Wakampitishia maziwa kwa mpira wa puani, akayatapika. Wakamtia maji ya mshipani. Mashavu yakaanguka, mikono ikawa vijiti, na Nunu kifua kimemvimba kimejaa chakula ambacho mwanawe hakitaki. Kuna mateso kushinda hayo? Mimi siyajui.

Usiku wa sita pale hospitali Daktari Bashayer alikuja akakaa kitandani pembeni ya Nunu. "Ukhti," alisema taratibu, "niambie kweli, sitokusema kwa mtu. Kuna mwingine aliyekuwa akimnyonyesha? Jirani? Yaya? Mtoto huyu anamtaka mtu. Kama yupo, mlete. Sisi tumefika mwisho."

Nunu akatoka kwenda ukumbi wa hospitali alipokuwa baba yake. Wakampigia simu Maalim Yaqoob.

"Ziwa ni ziwa, binti yangu," alisema Maalim. "Aliyemnyonyesha ni mamake, awe mtu, awe jini. Nilikuja kufukuza adui, nikamfukuza mama wa mtoto. Mungu anisamehe. Lakini nisikilize vizuri. Ukimwita wewe, hatoki tena. Si kwangu wala kwa mwengine. Na mtoto mwenye mama wawili hujui moyo wake utaegemea kwa nani. Huenda usiwe wewe."

"Ataishi?" akauliza Nunu.

"Nadhani ataishi."

"Basi."

"Nunu, mwanangu," Mzee Awadh akamshika mkono, "fikiri kwanza. Kosa ni langu, niende nikaombe mimi, nikae mimi—"

"Wewe huna maziwa ya kukataliwa, Baba," akasema Nunu. Hakusema kwa ubaya, ila neno lile linamchoma mzee mpaka leo.

Asubuhi ilikuwa Ijumaa. Walimtoa mtoto hospitali kwa kutia saini, wakapanda gari la moshi pamoja na watalii, Hadeel kafungwa shali, mwepesi kama mkoba mtupu. Azzam aliendesha taratibu njia nzima, wala hakupiga filimbi. Walipofika Hayl Sumr jukwaa lilikuwa limejaa watu na simu zao. Mzee Awadh akapita katikati yao, akasimama ukingoni, akaita mara tatu kwa sauti iliyopasuka, machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Maji yakamwagwa, injini ikanywa, na saa sita ilipokaribia gari likaondoka na watu wake, bonde likabaki na jua.

Nunu akamlaza mwanawe juu ya benchi. Mtoto hakuwa na nguvu ya kulia. Mama akapiga magoti, akambusu nyayo, huku na huku. Mzee Awadh alisimama mlangoni pa chumba cha tiketi, akamwona binti yake anafumbua kinywa mara mbili na sauti haitoki.

Kwetu sisi mwanamke akishazaa, jina lake la msichana linawekwa kando. Tokea siku Hadeel alipozaliwa hakuna jirani aliyemwita Nunu kwa jina jengine ila Mama Hadeel, naye alilipenda jina hilo kuliko dhahabu zake zote za harusi. Sasa alisimama, akatazama upande wa mkunazi, akaita:

"Mama Hadeel! Ewe Mama Hadeel, njoo. Mwanao ana njaa."

Kisha akageuka, akatembea mpaka kwa baba yake, akaegemeza uso kifuani pake, asitazame. Hapakuwa na upepo. Nyuma yao benchi lililia kidogo, kama linavyolia mtu anapokaa. Halafu wakasikia mtoto anavuta, anameza, anavuta, anameza. Kanzu ya Mzee Awadh ililowa mahali pawili, kwa machozi na kwa maziwa.

Hadeel alipona. Wiki mbili hazikupita mashavu yamerudi. Asubuhi na usiku alikubali tena ziwa la Nunu, kwa heshima, kama mgeni anavyoonja chakula ili mwenye nyumba asivunjike moyo. Adhuhuri haikuwa ya Nunu. Adhuhuri alimtoa mwenyewe, akamlaza, akaingia ndani akafunga mlango. Humam alimwambia kwenye simu, "Mtoto amenenepa, mashallah, unamlisha nini?" Nunu akajibu, "Anakula vizuri."

Hadeel alikuwa na mwaka mmoja na siku chache aliposema neno lake la kwanza. Ilikuwa saa kumi, Nunu kampakata ukumbini, Mzee Awadh anakunywa kahawa mbele yao. Mtoto alinyanyua kichwa kutoka kifuani pa Nunu, akaangaza nje kupitia mlango ulio wazi, akanyoosha mikono yote miwili upande wa relini ambako hapakuwa na kitu, na kwa furaha tele akasema, "Mama!"

Mzee Awadh akaweka kikombe chini. Nunu alikuwa ameganda, macho yamejaa machozi. Miezi ile yote alikuwa akilingoja neno hilo. Akamnyanyua mtoto, akamgeuza vizuri uso uelekee nje, akasema kwa sauti ndogo:

"Itika, dada. Mwanetu anakwita."